Kushoto kwa Mwenye Moyo

Aliyetaka kujua kinyongo kinavyoweza kupanga chumba angeingia tu kwa Chiriku wiki ile ya mtihani. Kwenye msumari wa utepe wa kupimia palining'inia picha ya figo. Juu ya kioo cha wateja alikuwa amebandika njia yote ya chakula, kuanzia mdomoni hadi kunakoishia, na mama mmoja aliyekuja kupima sketi alijitazama akajiona ana utumbo nje, akaomba kiti. Na pale juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa na chaki za fundi, ulikaa moyo. Chiriku aliushona mwenyewe kwa mabaki ya suti za watu: vyumba viwili juu, viwili chini, mishipa ya utepe mwekundu na utepe wa buluu, umejazwa pamba ukavimba kama mkate.

"Kunywa supu, mjukuu wangu," alisema bibi yake, mama mzaa mama, aliyemlea tangu hajaota meno.

"Weka hapo, bibi."

"Ya asubuhi nayo ulisema weka hapo. Nimeweka, imeganda mafuta juu. Hata nzi amekata tamaa."

Chiriku hakuinua uso. Mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani na jicho lake kwenye kitabu kilichosimamishwa kwa mkasi. Zamani walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Sasa aliyemkuta angedhani jina hilo alipewa kwa wembamba wa miguu. Usingizi alikuwa ameufukuza kwa kahawa, kahawa ikafukuza njaa, na njaa ilipoondoka ikaondoka na nyama za mashavu.

"Unasoma njia ya chakula tangu kulipokucha," bibi akaendelea, akivuta kigoda, "na ya kwako umeitia kufuli."

"Nikifaulu nitakula."

"Na ukianguka pale mlangoni pa chumba cha mtihani? Sikiliza, mama. Mimi sikukatazi kulipiza. Siku ile ulipotukanwa nilikuwepo, nimekaa na mkoba wangu mapajani kama mwombaji, na mimi pia sijasahau. Lakini tangu lini mgonjwa akalipiza kisasi? Mgonjwa huuguzwa. Kisasi ni kazi ya wenye afya."

Chiriku alitabasamu kidogo, upande mmoja, akafunua ukurasa.

Siku ile. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni ipi. Mwaka juzi Chiriku alikuwa mchumba wa mtu. Walipendana na Mwalimu mpaka majirani wakachoka kuwasema, ikafika siku ya kwenda kutambulishwa kwa mama yake, mkunga mstaafu, mwanamke mnene wa sauti na wa umbo, aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule na hakuacha mtu asahau. Mkunga alimimina chai, akamtazama Chiriku kuanzia viatu.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Nilifika mtihani wa mwisho wa sekondari, mama. Biolojia ndiyo iliyonikwamisha."

"Biolojia!" Mkunga aliweka birika chini. "Mwili unaotembea nao kila siku hukuujua? Basi wajukuu wangu utawabebea wapi, kwenye mfuko wa gauni?"

Mashangazi wakacheka. Mjomba mmoja akapaliwa na chai. Chiriku hakuwatazama wale, alimtazama Mwalimu. Alingoja neno moja tu, hata kikohozi. Mwalimu aliinamia kikombe chake, akakitazama kana kwamba yale majani ya chai yalikuwa yakimfundisha kitu. Wakati huo Chiriku alihisi moyo wake ukijikunja kama kitambaa kilichoguswa na pasi ya moto. Alisimama, akamshika bibi mkono, wakaondoka. Tangu hapo hakumfungulia Mwalimu mlango wala kusoma barua zake.

Kiapo chake kilikuwa kifupi: atarudia Biolojia, ataipasua, atakwenda na cheti mpaka sebuleni kwa mkunga, na mkunga atakinywea chai.

Lakini dunia ina mzaha. Kituo cha karibu chenye maabara ya kuandaa watu wazima wanaorudia kilikuwa kimoja tu, na mwalimu wa Biolojia pale alikuwa yule yule mchumba wake wa zamani. Chiriku alilipa ada, akaketi dawati la mbele, akamwita "Mwalimu" kama wengine, na hakumuuliza neno lisilokuwa kitabuni. Siku ya somo la moyo ndiyo pekee aliyoinua mkono.

"Mwalimu, vali za moyo zina kazi gani hasa?"

"Kuzuia damu isirudi ilikotoka," alijibu Mwalimu, na chaki ikamvunjikia vidoleni.

"Ahsante. Nilitaka kuhakikisha."

Darasa lote liliandika. Wao wawili tu ndio waliojua kilichosemwa.

Sasa, kuna jambo ambalo hata bibi hakulijua. Pale ukutani, chini ya shuka nyeupe, yalining'inia magauni mawili ya kitambaa kimoja cha rangi ya zabibu. Moja lilikuwa la mkunga, la pili la binti yake, mdogo wake Mwalimu, aliyekuwa anaolewa mwisho wa wiki. Fundi wao alikuwa ameugua, mafundi wengine walikataa kazi ya haraka, ndipo mkunga akaleta kitambaa kwa Chiriku, kidevu juu, akisema, "Nasikia mkono wako si mbaya." Chiriku akajibu, "Karibu, mama," kwa utamu uliomtisha hata mwenyewe.

Fundi anapounganisha nguo hushika kwanza kwa bandi: mishono mirefu ya mkono, ya muda tu, ya kushikilia mpaka cherehani ipite. Bandi haina nguvu. Ukiivuta, inaachia. Chiriku alikusudia mshono wa mgongoni wa gauni la mkunga ubaki na bandi peke yake, kisha aufunike kwa bitana ndani asiuone mtu. Gauni lingekaa vizuri kwenye kipimo. Lingefika ukumbini salama. Halafu mkunga angeketi meza ya mbele mbele ya wakwe zake, angeinama achukue kijiko, na ukumbi mzima ungesoma Biolojia mgongoni kwake. Kila Chiriku alipolifikiria hilo, usingizi ulimwondoka kwa raha.

Bibi alikuwa anaondoa supu iliyoganda alipobisha mtu mlangoni.

"Hodi wenyewe."

Chiriku aliifahamu sauti kabla ya hodi kuisha. Sindano ya cherehani ikasimama katikati ya mshono.

"Karibu, baba," alisema bibi kwa sauti isiyo baridi wala moto. "Ingia, kaa hapo kwenye kiti cha wateja. Usiogope huo utumbo, ni karatasi."

Mwalimu aliingia akiwa na karatasi imekunjwa mkononi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi nipo jikoni. Masikio yangu nayaacha hapa." Akatoka na sufuria yake.

Walitazamana. Mwalimu alikuwa amekonda naye, lakini Chiriku alijikataza kuliona hilo. Aliona tu kwamba kifungo cha mkono wa shati lake kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na vidole vyake vikataka kukirekebisha, akavikalia.

"Umekuja kushona nini, Mwalimu?"

"Nimeleta mtihani wako wa majaribio." Akaufungua juu ya meza. "Swali la kwanza ulijibu kama malkia. La mwisho, tazama."

Chiriku akatazama. Maandishi yake yalianza yamenyooka, yakaanza kuinama, kisha kalamu ikateleza ukurasani kote mpaka ukingoni, kama mtu aliyeanguka akiwa anatembea.

"Ulilala," alisema Mwalimu polepole. "Nilikuwa nimesimama karibu. Ulilala macho yakiwa wazi. Na hapa, kwenye moyo, umegeuza kushoto na kulia. Wewe! Uliyekuwa unawafundisha wenzako uani."

"Nimegeuza? Mimi?" Chiriku alisimama ghafla mpaka chumba kikazunguka, akashika ukingo wa meza. "Mimi nimeushona moyo kwa mikono hii! Huu hapa. Chukua. Upapase."

Alimsukumia ule moyo wa vitambaa kifuani. Mwalimu aliupokea kwa mikono miwili, akaubonyeza taratibu, chumba kwa chumba.

"Chumba cha chini chenye ukuta mnene ni kipi?" aliuliza.

"Cha kushoto. Kwa sababu hicho ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Cha kulia kinasukuma mpaka kwenye mapafu tu, hakihitaji unene. Nimekitia sufu ya koti kwa makusudi."

"Basi papasa wewe."

Chiriku aliunyang'anya. Vidole vyake, ambavyo vingetambua pamba na hariri gizani, vilikwenda kwenye sufu. Ilikuwa upande wa kulia.

Aliugeuza, akaugeuza tena, na hapo akaona alichofanya. Kila fundi hushona nguo kwa ndani, halafu huigeuza. Na kila fundi anajua kwamba ukiweka alama ya kushoto kwa ndani, ukiigeuza itakuwa kulia. Kosa hilo hufanywa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza, naye huchekwa mpaka jioni. Chiriku alikuwa amelifanya na asilione, akauweka mezani, akausoma kila siku, akaukariri ukiwa umegeuka.

"Hujawahi kugeuza nguo vibaya," Mwalimu alisema. "Hata siku tulipokuwa tunapiga soga mpaka unasahau chai kwenye moto. Nenda kalale. Ukienda na mwili huu, utaanguka. Na si kwa kutojua."

"Usinihurumie. Huruma yako niliihitaji siku nyingine, ukaipa kikombe."

Mwalimu akainama kama aliyepigwa.

Lakini Chiriku hakulifurahia lile pigo, maana wazo lilikuwa limemwingia kama maji ya baridi. Kama mikono hii imegeuza moyo, imegeuza nini kingine wiki hii?

Alivuta ile shuka ukutani. Magauni mawili ya rangi ya zabibu, kitambaa kimoja, na binti alikuwa mama mtupu, kipimo chao kilipishana kidogo tu kiunoni. Akashika la mkunga, akatia kidole chini ya bitana, akavuta mshono wa mgongoni. Haukutingishika. Cherehani ilipita hapo, imara kama reli.

Alishika la bibi harusi. Akavuta kidogo tu. Uzi ukaachia, trrr, na mgongo wote ukafunguka kuanzia shingoni hadi kiunoni kama mlango usiokuwa na komeo.

Mwalimu alisimama. "Hilo la nani?"

"La mdogo wako."

"Kwa nini limeshikwa kwa bandi?" Mtu aliyekaa na fundi miezi mingi akimsubiri amalize kazi hujifunza majina ya mishono.

Chiriku angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka mno. "Halikutakiwa kuwa lake. Lilitakiwa kuwa la mama yako."

Chiriku alilitazama lile gauni lililofunguka. Yule msichana ndiye peke yake wa nyumba ile aliyekuja baada ya matusi, akapita mlango wa uani, akamkumbatia akilia, "Wifi, mimi sikucheka." Chiriku alimwona akilini siku ya harusi, akisimama kucheza mbele ya watu wote, mikono juu.

"Ningemvua nguo mtoto asiyenikosea," alisema, akilikunja lile gauni.

"Na mama je?" Mwalimu aliuliza. "Yeye ungemvua?"

"Yeye ningemvua na kupiga makofi."

Ajabu ni kwamba Mwalimu alicheka, kidogo, kwa uchungu, na Chiriku karibu acheke naye. Macho yao yakashikana na hayakuachana upesi. Mwalimu akafungua mdomo aseme lililomkaa tangu mwaka juzi.

"Hodi humu ndani! Nimekuja kuchukua nguo zangu."

Mkunga alikuwa ameshaingia. Alimwona mwanawe, nyusi zikapanda. "Kumbe ndiko unakofundishia siku hizi? Kwenye vyumba vya watu?"

"Shikamoo, mama," alisema Chiriku.

"Marahaba. Umekauka hivi, una nini? Nasikia unarudia mtihani. Ukubwani!" Akatazama ukuta wenye figo na utumbo, midomo ikacheza. "Haya, heri kuchelewa. Ila usijitese, binti, kuna vichwa na vichwa."

"Mama, basi," alisema Mwalimu.

Halikuwa neno kubwa, lakini mkunga aligeuka kama aliyesikia kiti kikizungumza.

"Umesemaje?"

"Nimesema basi. Siku ile ulipomtukana mchumba wangu ulikosa, mama yangu. Nami nilikosa zaidi, kwa kuwa nilimpenda nikanyamaza. Leo sinyamazi. Usimwambie hivyo tena mbele yangu, wala nyuma yangu."

Bibi alikuwa ametokea mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, akatulia hapo kama askari wa zamu.

Chiriku hakumpa mkunga nafasi ya kujibu. Alilitwaa gauni lililoshonwa imara, akalishika mabegani mbele ya mgeni wake.

"Vaa, mama. Tuone."

Mkunga alikwenda nyuma ya pazia, akatoka. Gauni lilimkaa kama alizaliwa nalo. Alijigeuza kwenye kioo, akapitisha mkono kiunoni, na pamoja na ukaidi wake wote akajikuta akisema, "Kwa kweli umeshona."

"La binti halijawa tayari. Atalipata kesho kutwa, jipya na imara, na mwambie ni zawadi kutoka kwa aliyekuwa wifi yake. La kwako nenda nalo." Chiriku akamkaribia, akampapasa mgongoni polepole, kama fundi anayeondoa uzi. "Lakini nikuambie kitu, mama. Nilikusudia kukuachia bandi hapa mgongoni, lipasuke ukiwa meza ya mbele, mbele ya wakwe zako."

Mkunga aliganda. "Ulikusudia nini?"

"Ulivyosikia. Baadaye cherehani ikapita. Limeshonwa imara, na hiyo ni kweli."

"Nitajuaje kama ni kweli? Bitana imefunika!"

"Hutajua." Chiriku alimfungia mlango wa maneno kwa upole. "Utaketi, utasimama, utainama uchukue kijiko, na kila mara utajishika mgongo. Utakaa usiku mzima mbele za watu ukingoja kuaibika. Mimi nilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi. Wewe kaa siku moja."

Mkunga alimtazama mwanawe amsaidie. Mwalimu hakuinamia kitu chochote safari hii. Alimtazama mama yake machoni, kwa adabu, akatikisa kichwa. Mkunga akakusanya khanga na mkoba wake, akatoka na gauni lake mwilini, akitembea wima kama aliyebeba mayai kichwani, mkono mmoja nyuma.

Bibi alingoja kishindo cha lango. "Huyo hatalivua mpaka alale," alisema, "na kuketi hataketi. Sasa je, roho imeshiba? Maana tumbo halijashiba."

Chiriku aliketi. Bibi akamwekea bakuli la supu mpya, la moto, na safari hii alinywa, akanywa tena, jasho likamtoka puani kama mtoto. Mwalimu alikuwa bado amesimama, ule moyo wa vitambaa umemlegea mikononi.

"Chiriku," alisema. Alikuwa hajamwita jina hilo tangu siku ile. "Ninaweza kurudi?"

"Ulinifundisha mwenyewe. Vali ipo, damu hairudi ilikotoka."

"Hairudi. Lakini inazunguka, Chiriku. Inapita mwili mzima, halafu inafika moyoni kwa mlango mwingine."

Chiriku alishusha kijiko bakulini. Hilo lilikuwa kweli kitabuni, na lilimuudhi kwamba lilikuwa zuri.

"Wewe umesema leo," alijibu mwishowe, "na nimesikia. Lakini neno moja haliponyi kimya cha siku zote zile. Unataka kurudi? Huo moyo mkononi mwako umeshonwa kinyume. Ufumue wote, mshono kwa mshono, uushone upya kwa mkono wako. Si kwa bandi. Na kila chumba kikae mahali pake. Ukimaliza uulete siku nitakayotoka kwenye mtihani, ndipo nitaamua kama nikufungulie mlango au nikubane nao kidole."

"Mimi sijui kushona."

"Na mimi sikujua Biolojia."

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa, watoto wanapiga kelele nje, lakini Chiriku alifunika cherehani kwa kitambaa chake, akafunga kitabu, akaingia chumba cha ndani nyuma ya pazia. Alijilaza ubavu. Mwili wote ukapiga kelele ya shukrani. Kule barazani alimsikia Mwalimu akikaa kwenye benchi, bibi akimpa wembe wa kufumulia, na baada ya kitambo kirefu, uzi ukianza kupita.

"Aah! Inachoma!"

"Sindano haimjui mwalimu, baba," bibi akasema. "Futa damu usinichafulie kitambaa. Na hiyo sufu unaitia wapi tena? Hapo?"

"Hapa, bibi. Kushoto."

Macho ya Chiriku yalikuwa yamefumba tayari. Alikaza sauti mara ya mwisho, ikapita juu ya pazia, kali, yenye usingizi:

"Kushoto kwa mwenye moyo, Mwalimu! Si kwako wewe unayetazama!"

Kisha akageukia ukutani, akalala kama mtu mwenye kisasi cha kulipiza na afya ya kulipizia.